Mota Inayokwaruza

Mke wangu hajui kukaa. Hilo nililijua kabla sijamuoa, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Chai anakunywa amesimama, chakula anakula huku anazunguka meza, na akija kunitembelea kwenye kibanda changu cha kunyolea ananipangia upya vitana na taulo bila kuombwa. Lakini mwezi ule baba yake alipoambiwa kwamba atapoteza sauti, hata mimi niliyemzoea nilichoka. Alikuwa anaingia nyumbani na kutoka kama mtu aliyesahau kitu, na kitu chenyewe kilikuwa lenzi.

Kazi yake ni kupiga picha vyumba. Madalali wa nyumba wanamwita Sebule, kwa sababu ukimpa kichumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, atakurudishia sebule. Mwenzake katika ujanja huo ni lenzi pana, ile inayokusanya ukuta wa kulia, wa kushoto, dari na sakafu kwa mpigo mmoja. Wapangaji wakifika wakakuta mlango hauwezi kufunguka kwa sababu ya kitanda, hasira zinamshukia dalali. Huwa namwambia siku moja watamngoja yeye nje. Ananijibu kwamba hajawahi kudanganya mtu, kila kilichomo kwenye picha kimo chumbani, na kilichozidi ni matumaini ya mpangaji.

Kwa miaka mingi alikuwa na lenzi pana moja tu, kuukuu, ya mota ya zamani. Acha nieleze kama nilivyoelezwa mimi mpaka nikakereka. Lenzi inajifokasi yenyewe: ndani yake mna mota ndogo inayosogeza vioo mbele na nyuma mpaka picha ikae sawa. Mota nyingine ni za gia, na gia zinakwaruza. Nyingine zinateleza kimya, husikii kitu. Wanaoanza kazi walipokuwa wakimuuliza wanunue ipi, Sebule alicheka. "Nyumba haikimbii," aliwaambia. "Na lenzi pana haina makuu. Weka fokasi katikati ya chumba, karibu kila kitu kitatoka safi. Mota ya nini? Tazama kioo, tazama kama kuta hazipindi kwenye pembe, basi, nunua." Alikuwa anasema kweli, kwa vyumba.

Baba mkwe wangu hashoni hata kifungo, ila ndiye anayetengeneza vyerehani vya wanaoshona. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana: meza moja, kiti kimoja, na vyerehani vilivyofunguliwa matumbo mpaka kwenye dirisha. Mtu wa pili akiingia, wa kwanza lazima asimame. Na humo ndimo sauti yake inamoishi. Usidhani ni sauti ya kubembeleza. Mzee anafoka. Anafokea mashine, anafokea walioiharibu, anafokea waliotengeneza chuma cha siku hizi. "Nani amekaza skrubu hii? Adui yako?" Nilipojulishwa kwake mara ya kwanza aliniangalia mikono, akauliza nafanya kazi gani, nikamwambia mimi ni kinyozi. "Basi angalau unajua kwamba mashine inatiwa mafuta," akafoka. Hiyo ndiyo baraka niliyopata, na mke wangu aliniambia nishukuru, wengine hawakupata hata hiyo.

Sauti hiyo ilianza kupasuka taratibu. Mzee akasema ni vumbi. Ilipofika mahali anafoka na nusu ya maneno haitoki, wakampeleka kwa daktari, na daktari akawaeleza bila kuzunguka: kuna uvimbe umekaa kwenye kisanduku cha sauti, na ili mzee apone kisanduku chenyewe kitolewe. Atapumua, atakula, atafanya kazi. Kusema, hapana. Siku ya kulazwa ikapangwa, na haikuwa mbali.

"Nataka sauti yake," mke wangu aliniambia jioni hiyo, amesimama mlangoni na mkoba begani, hajaingia wala hajatoka. "Nataka nimchukue video akiwa karakanani kwake, anaongea. Wajukuu wamsikie. Mimi nimsikie."

"Mchukue basi. Kamera si unayo?"

"Ninayo," akasema, na akatoka tena.

Kesho yake alikuja kunifanyia majaribio mimi. Alitega kamera kwenye kona ya kibanda, akaniambia nikae kama mzee, niiname kama mzee, nisogee karibu na lenzi kama mzee anavyowasogelea watu akitaka kuwafokea. Nikafanya, wateja wakacheka. Halafu akanisikilizisha. Kila niliposogea, lenzi ilinitafuta, na kila iliponitafuta ilisikika: krrr, krrr, kama panya anayetafuna boksi. Kipaza sauti cha kamera kiko pale pale juu ya lenzi, kinasikia kila kitu.

"Mbona mimi mashine yangu inavuma kutwa na hakuna mteja aliyelalamika?" nikamwambia.

"Mteja wako harekodiwi."

"Zima hiyo fokasi. Si ulisema lenzi pana haina makuu?"

"Haina makuu kitu kikiwa mbali. Baba atakaa mbali? Baba ataongea ameweka pua kwenye kioo! Nikiizima atatoka ukungu mtupu." Akaanza kukunja miguu ya kamera kwa hasira, kama kwamba mimi ndiye niliyetengeneza gia. "Miaka yote nawaambia watu mota haina maana. Miaka yote!"

Tangu hapo hakutulia. Alikwenda kwa muuza kamera, mtu mnene mpole ambaye ana lenzi nyingi kabatini kuliko wateja dukani. Nilimsindikiza mara moja, na mara moja ilinitosha. Sebule alimwambia atoe zote pana. Muuzaji akazipanga juu ya kitambaa, akawa anamwelekeza: hii ya gia kama yako, hii mota yake ya pete, ina haraka na haina kelele ya maana, hii nyingine inakwenda kwa vihatua vidogovidogo, ndiyo wanayoipenda watu wa video, kimya kabisa. Mke wangu akawa anazifunga moja moja kwenye kamera, anaiinamishia sikio, ananiambia nisipumue.

"Kwa picha za vyumba, mama, hata hii ya gia inatosha," muuzaji alisema. "Kwa video ndiyo utaijua tofauti."

"Sikuulizi ya vyumba. Kuna mtu anaongea."

"Basi chukua ya vihatua."

"Inachelewa kidogo mtu akisogea ghafla."

"Basi chukua ya pete."

"Hiyo nimeisikia. Inasema tss."

"Mama," yule bwana akasema, amechoka sasa, "hiyo tss ni feni yangu."

Akazima feni, mke wangu akasikiliza upya, tukatoka bila kitu. Alirudi kesho yake peke yake, na siku nyingine tena. Dalali akimpigia simu anajibu kwa neno moja. Nyumbani alikuwa anaanza kufua, anaacha nguo ndani ya maji, anakwenda kuangalia simu. Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia baba yake ndiye mgonjwa, si lenzi. Akaniambia anajua nani mgonjwa, na kwamba yeye hawezi kumtibu baba yake, jambo pekee analoweza kulifanya duniani ni hili, na hili nalo nataka alifanye vibaya? Nilikwenda kuzisuuza nguo.

Mwishowe mpiga video wa harusi, rafiki yake, alimwazima lenzi yake pana ya mota ya kimya. Tukaenda kwa wakwe zangu kama watu wanaokwenda kufanya upasuaji wenyewe. Sebule alichomoa friji kwenye umeme. Alizima feni. Wajukuu wakapelekwa kwa jirani, na jirani akaombwa aache kupondaponda kokoto. Mama mkwe akakatazwa jikoni, akakaa kwenye kiti cha korido amekunja mikono. Saa ya ukutani ikafungiwa kabatini. Mimi nilikatazwa kukohoa.

Mzee aliingia karakanani kwake amevaa koti. Karakanani, koti! Akakaa wima, mikono magotini, akauona ule ukimya wote uliotengenezwa kwa ajili yake, akauheshimu. Akasema kwa sauti ndogo, safi, ya kupima maneno: "Kwanza kabisa ningependa kuwashukuru wote. Nimefanya kazi hii kwa muda mrefu. Nawasihi watoto wangu mpendane na muwe na bidii." Akaendelea hivyo. Hakusogea hata kidogo, lenzi haikuwa na kazi yoyote. Alipomaliza akauliza, "Inatosha?" Mama mkwe akaenda kurudisha friji kwenye umeme.

Nyumbani mke wangu aliisikiliza, na tena, na tena. Hakuna krrr, hakuna feni, unasikia mzee anavyomeza mate.

"Imetoka vizuri," nilisema.

"Haipo."

"Nini haipo? Nasikia kila neno."

"Sauti haipo. Sijui. Labda kipaza sauti. Labda nilimweka mbali, lenzi pana inamfanya mtu mdogo." Alikuwa anakwenda dirishani na kurudi. "Labda ile ya pete ingekuwa bora, ningeweza kumsogelea."

"Jamani, mke wangu! Unatafuta nini?"

"Ningekuwa najua ningekuwa natafuta?"

Alikusudia kurudia kesho yake, lakini mpiga video alikuwa na harusi akaja kuchukua lenzi yake. Muuza kamera naye alifunga duka akaenda msibani. Ikabaki siku moja mzee alazwe, na mkononi mke wangu ana ile lenzi yake kuukuu. Nilimwona anakata tamaa kwa macho yangu, na ilinitisha kuliko kuhangaika kwake. "Twende tu," aliniambia. "Nitachukua mikono yake akifanya kazi. Mikono haihitaji sauti."

Safari hii hatukumwambia mtu anyamaze. Friji lilivuma, jirani alipondaponda, wajukuu walikuwa wanakimbizana uani. Mzee hakuwa na koti. Alikuwa amevaa fulana yake yenye madoa ya mafuta, anajaribu kumaliza cherehani cha mteja mmoja kabla hajalazwa, na hakuwa na wakati na sisi. Sebule akatega kamera kwenye kona, akawasha, tukajibana pembeni. Mzee akainama kuchukua bisibisi. Krrr. Akainuka. Krrr. Bisibisi ikasimama hewani.

"Nini hicho?"

"Nini, baba?"

"Hicho kinachokwaruza. Kuna kitu kinasagika humu ndani."

"Ni lenzi, baba. Endelea tu, leo sichukui sauti."

"Lenzi!" Sauti ilitoka imepasuka katikati, lakini ilitoka, na nilisikia wajukuu wamesimama uani. "Lenzi inalia hivyo na wewe umekaa? Mtoto wa fundi! Unaingia nyumba za watu na kitu kinasagika mkononi, watu wanauliza, huyu ni binti wa nani? Lete hapa."

"Iko kwenye kamera, baba."

"Basi nitaifuata."

Akainuka na kuifuata. Ile lenzi kuona uso unakuja juu yake ikapagawa, krrr mbele, krrr nyuma, na mzee akaiwekea sikio. Mimi nikaona video inaharibika. Nikanyoosha mkono nibonyeze swichi ya kuzima fokasi, na mke wangu akanipiga kofi la mkono ambalo lilinichoma hadi kiwiko. Nilipomtazama alikuwa ametoa macho, amefunga mdomo kwa kiganja. Hapo ndipo alipokuwa amekipata alichokuwa akikitafuta, na mimi nilitaka kukizima.

"Mafuta," mzee akafoka ndani ya kamera. "Imekauka gia, hakuna kingine. Mota ni nzima, asije mtu akakuuzia mota." Alikosea, baadaye muuza kamera alinithibitishia kwamba zile lenzi zinazaliwa na kelele zao. Lakini nani angemkatiza? "Na nasikia umezunguka mji unatafuta ya kimya. Siku hizi watu wanapenda kila kitu kimya. Kitu kikinyamaza utajuaje kinaumwa? Eh? Hili koo langu halikunyamaza. Lilikwaruza! Mimi ninayesikia sindano imepinda nikiwa bafuni, nikasema vumbi. Fundi mzima! Nimeshindwa kusikia mashine yangu mwenyewe."

"Nilikwambia!" Mama mkwe alipaza sauti kutoka jikoni. "Nilikwambia nenda ukaangaliwe!"

"Ulisema mara moja!"

"Mara moja? Nimesema mpaka ukaniambia nakupigia kelele!"

"Na sasa unafanya nini?"

"Napiga kelele! Nipige lini? Keshokutwa nitagombana na nani?"

Lenzi peke yake ikakwaruza, kwa sababu mzee alikuwa amerudi nyuma kidogo. Nilitaka kutoka na hapakuwa na pa kupita. Mzee alijifuta uso kwa fulana, mafuta yakabaki shavuni.

"Utagombana na mimi," akasema, chini kidogo, halafu akapandisha tena. "Unadhani utashinda kwa sababu sina mdomo? Nitakuwa nagonga meza. Nikigonga mara moja, jua nimekataa. Nikigonga mara mbili, nimekataa zaidi!"

Kutoka jikoni tulisikia mama mkwe anacheka, na kicheko kile kilikuwa kimelowa. Mzee alirudi kwenye cherehani chake akiendelea kumfokea mtu aliyekaza skrubu. Mke wangu hakuigusa kamera mpaka ilipozimika yenyewe.

Mzee alilazwa, akapasuliwa, akapona. Sitasema ilikuwa rahisi. Ana tundu shingoni analolifunika kwa kitambaa, na wiki za mwanzo alikuwa anafungua mdomo kumfokea mtu, anakumbuka, anaufunga. Hilo sikuweza kulitazama. Lakini amerudi karakanani, na wateja wanasema skrubu zake zinakaza zaidi kuliko zamani.

Wanaoanza kazi bado wanamuuliza Sebule kama mota ya lenzi pana ina maana. Hacheki tena. Anawauliza wao kwanza, "Unakwenda kumpiga nani, na yeye huwa anakaaje?" Wanaondoka wamechanganyikiwa kuliko walivyokuja. Alimuuliza pia mpiga video wa harusi kama ile krrr inaweza kuondolewa kwa kompyuta. Akaambiwa inapungua, ila sauti ya mzee ilikuwa imeshakwaruza mno, zimefanana, ukiitoa moja nyingine nayo inakwenda nusu. Akaiacha.

Mama mkwe alikaa muda mrefu bila kuomba kuona chochote. Halafu siku moja tukiwa kwake, mzee yuko chumba cha mbele anazungusha gurudumu la mashine, akamwita mke wangu, akampa simu yake. "Niwekee zile za baba yako," akasema. "Usinieleze, niwekee tu."

Sebule alianza na ile safi. Alikuwa bado ana wasiwasi nayo, alitaka mama yake awe na kitu kizuri, kisicho na ugomvi. Mama mkwe aliweka simu sikioni akaisikiliza yote, shukrani, pendaneni, bidii, mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesikiliza mgeni.

"Amesema vizuri," akasema, akamrudishia simu. "Sasa niwekee mume wangu."